Swali Tunalowauliza Vijana kwa Kuchelewa

Msafiri afikaye Tunduma kwa barabara kuu itokayo Dar es Salaam huona mambo mawili kwa pamoja: mwisho wa nchi na mwanzo wa foleni. Malori yaendayo Zambia na Kongo hupangana kando ya njia, madereva huinjika chai ubavuni mwa matela, na katikati yao huzunguka vijana wa kila namna: wauza mayai na karanga, mautingo, wachukuzi, na wale washikao mabunda ya noti, kwacha mkono wa kulia na shilingi mkono wa kushoto.

Niliwahi kusimama hapo nikamtazama kijana mmoja wa umri wa miaka 16 hivi akibadilisha fedha. Bei za siku ile sizikumbuki, lakini na tuchukue mfano. Ikiwa kwacha 1 hununuliwa kwa shilingi 95 na kuuzwa kwa shilingi 98, naye mteja ameleta kwacha 350, kijana hana budi kujua papo hapo kwamba atatoa shilingi 33,250, kwamba baadaye atapokea shilingi 34,300, na kwamba faida yake ni shilingi 1,050, yaani zaidi kidogo ya asilimia 3 ya fedha aliyoitoa. Hesabu za namna hiyo alizimaliza kichwani kabla mteja hajafungua mkoba. Nilipomwuliza habari za masomo alinijibu kwa adabu kwamba yuko kidato cha nne, kwamba hisabati zinamshinda, na kwamba juma lililopita alijaza fomu ya kuchagua masomo ya kidato cha tano na vyuo.

"Umechagua nini?" nikamwuliza.

"Nimechagua kama alivyochagua mwenzangu tunayekaa naye dawati moja, mzee," akasema.

Sina nia ya kuisifu biashara ya kubadilisha fedha bila leseni. Sheria hairuhusu, na mahali pa mwanafunzi saa za masomo ni darasani. Nitakalo msomaji alione ni hili: kijana yule alikuwa anazijua hesabu za asilimia, alikuwa na wepesi wa akili, na alikuwa na ujasiri wa kukabiliana na watu wazima, lakini katika miaka 11 ya shule hakuna mtu aliyekuwa amemwambia kwamba mambo hayo matatu ndiyo yatafutwayo katika uhasibu, forodha, benki na takwimu. Swali la apendalo na awezalo aliulizwa siku moja tu, kwa karatasi, wakati shule inakaribia kwisha. Hoja ya makala haya ni kwamba tunawauliza vijana wetu swali hilo kwa kuchelewa, na kwamba mkoa kama Songwe unazo nyenzo zote za kuliuliza mapema.

Fomu na Uzito Wake

Kwa utaratibu wetu, mwanafunzi wa kidato cha nne hujaza fomu ijulikanayo kama Selform, akaonyesha tahasusi azipendazo na vyuo avitakavyo. Matokeo yakiisha kutoka hupewa nafasi ya kubadilisha uchaguzi wake. Utaratibu huo wenyewe hauna kosa. Tena uwanja wa kuchagua umepanuliwa: mwezi Machi 2024 serikali ilitangaza kwamba tahasusi za kidato cha tano zimefikia 65, na kati ya hizo 49 ni mpya. Hali kadhalika, Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, imeleta mkondo wa amali katika shule za sekondari, ili kijana aweze kupata ujuzi wa kazi pamoja na elimu ya jumla.

Kasoro iko katika wakati. Kwa miaka mingi imekuwa desturi kwamba mwanafunzi huingia kidato cha tatu akiwa amekwisha kuamua kama ataendelea na fizikia na kemia au ataziacha. Kwa hiyo uamuzi ulio mzito kuliko wote hufanywa miaka miwili kabla ya fomu kufika. Mtoto wa miaka 15 aliyeiacha fizikia kwa sababu mwalimu alikuwa mkali, au kwa sababu shule haikuwa na mwalimu wa somo hilo kabisa, amekwisha kujifungia mlango wa uhandisi, naye hana habari kwamba amefunga mlango wowote. Fomu ikija kumfikia huwa haina la kumwuliza ila achague katika vyumba vilivyobaki.

Hapa ndipo inapozuka lawama ya kawaida: "Vijana wa siku hizi hawana walipendalo." Lawama hiyo yafaa ichunguzwe kwa makini. Mtu hawezi kulipenda jambo asilopata kuliona. Ukiwauliza watoto wa darasa zima wanataka kuwa nani, aghalabu watakutajia daktari, mwalimu, mwanajeshi, rubani na mwanasheria. Mpimaji wa ardhi, mtaalamu wa maabara, mchora ramani, mkadiriaji wa majengo, mtaalamu wa magonjwa ya mimea: hawa hawatajwi, kwa sababu hakuna aliyepata kuwaona kazini.

Udadisi Huanzia Wapi?

Tanzania inao mfano ambao umejulikana duniani kote, nao ulianzia katika jiko la shule. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa kidato cha tatu katika shule ya sekondari ya Magamba, mkoani Tanga, alikuwa akitengeneza aiskrimu pamoja na wenzake. Desturi ilikuwa kuchemsha maziwa na sukari, kungoja yapoe, kisha kuyaweka katika jokofu. Siku moja, kwa kuogopa kukosa nafasi jokofuni, aliyaweka yake yangali moto. Ajabu ni kwamba yake yaliganda kabla ya yale ya mwenzake yaliyowekwa yakiwa hayajachemshwa.

Mpemba aliuliza sababu, akaambiwa amechanganyikiwa. Baadaye aligundua kwamba hata wauza aiskrimu wa mjini Tanga walikuwa na mazoea ya kugandisha maziwa yakiwa moto ili yawahi. Alipofika Mkwawa, Iringa, aliuliza tena, na darasani akachekwa. Hakuacha. Dakta Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alipoitembelea shule, kijana akasimama mbele ya wenzake na kuliuliza swali lile lile. Mgeni hakumcheka, alirudi chuoni, akafanya jaribio. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala pamoja katika jarida la kufundishia fizikia, na hadi leo wanasayansi wanabishana kuhusu chanzo cha jambo hilo, ambalo limepewa jina la Mpemba.

Katika kisa hiki kuna mafunzo matatu yanayotuhusu. Kwanza, swali halikutoka kitabuni. Lilitoka katika kazi ya mikono, nao wauza aiskrimu wa mitaani walikuwa wamekwisha kuona kile ambacho darasa lilikikataa. Pili, kijana hakuhitaji kuambiwa jibu, alihitaji mtu mzima mmoja wa kumwambia, "Na tujaribu tuone." Tatu, Mpemba hakuishia kuwa mwanafizikia, alisomea uhifadhi wa wanyamapori, akaifanya hiyo kuwa kazi yake. Hivyo kumsaidia kijana kufuata udadisi wake si kumfunga katika kazi moja. Ni kumzoeza kushika swali na kutoliachia mpaka limetoa kitu, na mazoea hayo humfaa mtu katika kazi yoyote atakayoifanya.

Utajiri Ulioko Chini ya Miguu Yetu

Mkoa wa Songwe, uliotengwa na Mbeya mwaka 2016, ni mchanga kwa umri wa utawala, lakini kwa mambo ya sayansi ni darasa lisilo na kifani.

Katika kilima cha Marengi, wilayani Mbozi, kimelala kimondo cha chuma kikadiriwacho kuwa na uzito wa tani 16 na urefu wa mita 3 hivi. Takribani asilimia 90 yake ni chuma, na sehemu kubwa ya kilichobaki ni nikeli. Wenyeji walikijua tangu kale. Habari zake ziliufikia ulimwengu wa wataalamu mwaka 1930. Wanafunzi wetu hupelekwa pale, hupiga picha, hula mikate yao, wakarudi. Ni wangapi waliopata kupewa kazi ya kufanya pale? Twajuaje uzito wa kitu ambacho hakikupandishwa mizanini? Chuma cha namna hiyo huwa na uzito wa karibu tani 8 kwa kila mita 1 ya ujazo. Basi tani 16 ni sawa na ujazo wa mita 2 tu. Darasa la kidato cha pili likipewa utepe wa kupimia na karatasi laweza kuyahakiki makadirio hayo kwa asubuhi moja. Mwalimu akiongeza swali la pili, "Mbona hatuoni shimo ambalo kitu kizito hivi kingelichimba kilipoanguka?", amekwisha kufungua mlango wa fizikia, wa jiografia na wa historia kwa wakati mmoja.

Tukishuka bonde la Rukwa twafika Ivuna, mahali palipojulikana tangu zamani kwa chumvi itengenezwayo katika chemchemi zake. Tarehe 16 Desemba 1938 palianguka hapo kimondo kingine, kidogo sana, ambacho mabaki yake hayafiki kilo 1. Kwa udogo wake wote, kimondo hicho ni miongoni mwa vitu vyenye thamani kubwa katika elimu ya nyota, kwa kuwa muundo wake unakaribia sana ule wa mata asilia iliyounda jua na sayari zake. Kundi zima la vimondo vya aina hiyo, ambavyo ni vichache mno duniani, huitwa kwa herufi mbili ambazo ya pili ni ya kwanza katika jina Ivuna. Chombo cha Japani kiitwacho Hayabusa2 kilipoleta duniani, Desemba 2020, vumbi lililochotwa katika sayari ndogo ya Ryugu, wataalamu walilikuta linafanana na mawe ya kundi la Ivuna. Jina la kijiji chetu hutajwa katika maabara za Tokyo na London. Je, hutajwa katika madarasa ya Momba?

Juu ya hayo yamo mambo ya uchumi. Mwaka 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham, pamoja na kampuni ya utafutaji, walitangaza kwamba bonde la Rukwa lina gesi nyingi ya heli. Gesi hiyo hutokana na kuoza taratibu kwa urani na thori katika miamba ya kale, na hutumika kupoza sumaku za mashine za hospitali zionyeshazo viungo vya ndani ya mwili. Mwaka 2024 kisima cha uchunguzi kilichochimbwa Itumbula kiliipata gesi hiyo. Upande mwingine, katika wilaya ya Songwe, kipo kilima cha Ngualla chenye madini adimu ambayo hutoa neodimiamu na praseodimiamu, vitu vitumikavyo katika sumaku zenye nguvu za mota za magari ya umeme na mitambo ya upepo. Mwezi Aprili 2023 serikali ilitia saini mkataba na mwekezaji juu ya mradi huo.

Haya ndiyo yanayotufanya tusiweze kungoja. Mtoto aliye kidato cha kwanza leo atakuwa na umri wa miaka 24 au 25 baada ya mwongo mmoja tu. Kama kazi hizo zitakuwa zimeshamiri wakati huo, watahitajika wanajiolojia, wakemia, mafundi wa mitambo, wapimaji, wahasibu na wasimamizi wa mazingira. Watatoka wapi? Itakuwa aibu kubwa ikiwa watoto wa Momba na Mkwajuni watapatikana langoni tu, wakifungua na kufunga geti, na jikoni wakipika, ilhali wale wanaoisoma miamba ya kwao wametoka mbali. Kulinda na kupika ni kazi za heshima. Lakini mtu na aziingie kwa kuzichagua, asiziingie kwa sababu hapakuwa na mtu aliyemwonyesha nyingine.

Funzo la Reli

Kutayarisha watu kabla ya kazi si jambo geni kwetu. Reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, nayo huvuka mpaka hapa hapa Tunduma. Ujenzi ukiwa ungali unaendelea, vijana wa Tanzania na wa Zambia walipelekwa Beijing kusomea mambo ya reli. Wengine wengi zaidi walijifunza papo kazini, ubavuni mwa mafundi wa Kichina, bila lugha ya pamoja, kwa kutazama na kuiga, wakatokea kuwa mafundi na madereva wa treni.

Reli hiyo ilipatwa na matatizo mengi katika miaka iliyofuata, na sina haja ya kuyaficha. Lakini wazo la mwanzo lilikuwa sahihi: reli na mtu wa kuiendesha vitayarishwe pamoja. Yafaa tuulize kama kwa heli ya Rukwa na madini ya Ngualla tunafanya vivyo hivyo, au kama tunangoja mitambo ifike ndipo tuanze kutafuta vyeti.

Njia ni Nyingi Kuliko Zijulikanazo

Jambo lingine liwavunjalo vijana moyo ni imani kwamba asiyechaguliwa kwenda kidato cha tano amekwisha. Imani hiyo si kweli. Mwenye ufaulu unaostahili katika kidato cha nne aweza kuingia chuo akasoma cheti, kisha stashahada, na baadaye akapanda hadi shahada. Chuo cha Madini cha Dodoma hufundisha jiolojia, uchimbaji na uchenjuaji. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji hufundisha mambo ya magari na uchukuzi. Chuo cha Kodi hutoa mafunzo ya forodha, pamoja na cheti cha Afrika Mashariki cha mawakala wa forodha, ambacho kwa mji kama Tunduma, wenye kituo cha pamoja cha mpakani kilichozinduliwa mwaka 2019, chapaswa kujulikana na kila familia. Jirani zetu Mbeya wana chuo cha kilimo cha Uyole, na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, ambacho chenyewe kilianza mwaka 1986 kama chuo cha ufundi, kikakua hadi kuwa chuo kikuu mwaka 2012. Hata vyuo, basi, hupanda ngazi.

Kuhusu fedha, Bodi ya Mikopo, iliyozoeleka kuwa ya wanafunzi wa shahada, ilianza katika mwaka wa masomo 2023/2024 kutoa mikopo kwa baadhi ya wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele. Mzazi asiyejua hayo humwambia mwanawe, "Chuo ni cha wenye nazo," na mazungumzo yakaishia hapo.

Nao wasichana wana mzigo wa ziada. Mara nyingi saa ambazo ndugu yake wa kiume huzitumia gereji au uwanjani akijifunza ulimwengu, msichana huzitumia kisimani na jikoni. Aliyekatiza masomo kwa ajili ya ujauzito alikuwa hana pa kurudi. Tangu Novemba 2021 ameruhusiwa kurudi katika shule ya kawaida. Ruhusa ipo. Kilichobaki ni mtu wa kumwendea nyumbani na kumwambia kwamba jina lake lingali linahitajika.

Yafaa Tufanye Nini?

Nitataja mambo matano. Yote yaweza kuanzwa bila kungoja bajeti mpya.

Kwanza, kila mwanafunzi, tangu kidato cha kwanza, awe na daftari la maswali. Kila juma aandike swali moja alilolipata nje ya darasa: shambani, njiani, sokoni, jikoni. Kila mwezi mwalimu achague swali moja, darasa zima lilifanyie jaribio. Maswali hayo yaandikwe kwa Kiswahili kama mtoto anavyoyawaza, kisha wayatafute maneno ya Kiingereza ya mtihani. Kwa kuwa wengi hufika sekondari wakiijua sumaku na kutu, wakashindwa kuvitambua vitu vile vile katika lugha nyingine. Yaliyo bora yapelekwe kwenye maonyesho ya Young Scientists Tanzania, mpango ulioanzishwa mwaka 2011 ili vijana wa sekondari waonyeshe utafiti wao wenyewe.

Pili, iwepo siku ya kazi. Kila muhula wanafunzi wa kidato cha pili, kabla hawajachagua masomo, wagawanywe katika makundi ya watu kumi kumi, kila kundi lishinde siku moja mahali pa kazi: forodhani, hospitalini, gereji, kituo cha utafiti wa kahawa cha Mbimba. Mtoto wa mkulima wa Mbozi anayeijua chulebuni kwa hasara iliyowaletea nyumbani, akimwona mtaalamu akiutafuta mche usioshikwa na ugonjwa huo, atafahamu kwa siku moja maana ya baiolojia. Na aliyesimama kwenye mizani ya malori hatalisahau somo la mgandamizo. Kikomo cha uzito wa gari zima katika Afrika Mashariki ni tani 56, nao wahandisi hukadiria kwamba mzigo wa ekseli ukiongezwa mara 2, uharibifu wa barabara huongezeka mara 16 hivi. Hiyo ni hisabati ya vipeo, imelala barabarani mbele ya macho yetu.

Tatu, kila mwanafunzi awe na mlezi mmoja, mwalimu au mtumishi mwingine wa umma aliye tayari, atakayekutana naye mara mbili kila muhula na kuandika si alama tu, bali mambo aliyomwona akiyafanya kwa bidii pasipo kusukumwa. Kufikia kidato cha nne maandishi hayo yatakuwa kurasa kadhaa. Fomu ikifika, kijana hatakuwa na haja ya kumchungulia mwenzake wa dawati.

Nne, wazazi waelezwe mapema. Kikao cha wazazi kisiwe cha michango peke yake. Nusu saa itengwe ya kueleza njia za cheti, stashahada na shahada, masomo gani hufungua milango ipi, na mikopo huombwaje. Mzazi naye ajizuie kumchagulia mtoto kazi kwa sababu ya jina lake kubwa.

Tano, makampuni na ofisi zilizomo mkoani zifungue milango. Wawekezaji wengi huchangia madawati, nao hustahili shukrani. Lakini mwanajiolojia mmoja akiingia darasani na sanduku la mawe aliyoyatoa chini ya kijiji cha watoto wale wale, ameacha kitu ambacho dawati haliwezi kukiacha. Halmashauri zikae na wawekezaji hao na kukubaliana idadi ya vijana watakaopokewa kila mwaka kujifunza kazi.

Majibu kwa Wenye Shaka

Wapo watakaosema kwamba walimu wetu wamelemewa. Ni kweli, na ndiyo sababu nimependekeza watumishi wengine wasaidie ulezi. Wapo watakaosema kwamba kumwuliza kijana mapema ni kumfunga. Bali afungwaye hasa ni yule asiyeonyeshwa chochote. Aliyeona kazi kumi aweza kubadili nia mara tatu na bado akabaki na saba.

Shaka iliyo nzito ni ile ya ajira. "Mnawatia vijana hamu," wasema, "na kazi ziko wapi?" Sitalijibu swali hili kwa wepesi, kwa maana kila mji una vijana wenye vyeti walioketi barazani. Kupenda jambo si ahadi ya mshahara. Hata hivyo, tuwalinganishe vijana wawili wasio na ajira. Mmoja alisoma fani aliyoichagua kwa kuigiza. Mwingine alisoma jambo alilolishika tangu utotoni, na njiani amewajua watu wanaolifanya. Wa pili anayo mikono inayojua kazi, na anajua mlango wa kubisha. Wa kwanza hana hata swali la kuanzia.

Kijana yule wa Tunduma sikupata kumwona tena. Mara kwa mara humfikiria, hasa nipatapo risiti yenye hesabu isiyo sahihi. Hakuwa mjinga wa hisabati. Alikuwa mwanahisabati ambaye hakuna aliyemwarifu. Wapo wengine wengi kama yeye mpakani, mashambani Mbozi, machimboni Songwe na ufukweni mwa Ziwa Rukwa. Ewe mwalimu, ewe mzazi, nawe mtaalamu uliye kazini, usingoje fomu ifike. Jioni ya leo mwulize kijana aliye karibu nawe ni jambo gani alilolitazama siku hizi na kulistaajabia. Akikujibu, usimcheke, mwambie, "Na tujaribu tuone."